Fangasi wa Kinena na Krimu za Mchanganyiko Madukani Mwetu

Ndugu washiriki, watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu,

Mteja anayewashwa kinena hasemi sana. Husubiri duka litulie, kisha huomba "ile ya fangasi". Mara nyingi hupewa tyubu moja yenye vitu vitatu: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Naja kwenu na hoja moja: tuache kuitoa tyubu hiyo kwa fangasi.

Steroidi hutuliza muwasho upesi, lakini hufanya hivyo kwa kudhoofisha kinga ya ngozi, huku fangasi wakiendelea kutambaa. Mteja akiacha kupaka, muwasho hurudi, na safari hii umefika makalioni. Akiendelea kwa miezi, ngozi ya kinena, ambayo tayari ni nyembamba na imefunikwa kutwa, hukonda na kutoka michirizi isiyofutika. Ule ukingo mwekundu ulioinuka wenye magamba, ambao ndio ungetuonyesha ugonjwa, hufifia. Hapo hata daktari wa ngozi hupata shida kuutambua.

Dawa sahihi ni nyepesi, tena huwa ya bei nafuu. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Terbinafini ya asilimia 1 hupakwa mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki 1 hadi 2. Apake kwenye ngozi iliyooshwa na kukaushwa, avuke ukingo kwa sentimeta 2 hivi. Mwambieni waziwazi kwamba muwasho kuisha si kupona. Amalize muda wote.

Sasa muulizeni swali ambalo wengi wetu hatuulizi: miguuni kukoje? Trichophyton rubrum, fangasi anayeongoza kwa kuleta ugonjwa huu, ndiye huyo huyo anayekaa katikati ya vidole vya mlinzi avaaye buti usiku kucha. Chupi ikipita miguuni humbeba fangasi huyo hadi kinenani. Kwa hiyo atibu miguu pia, avae soksi kabla ya chupi, na taulo ya miguu isipande juu. Asichangie taulo wala nguo za ndani na mtu. Dereva wa bodaboda na mchezaji wa mpira wabadilishe nguo zilizolowa jasho mapema, wavae za pamba zisizobana.

Fangasi hawa kwa kawaida hawagusi korodani. Zikiwa nyekundu zenye vipele vidogo pembeni, huenda ni kandida. Anayerudiwa mara kwa mara apimwe kisukari na VVU. Asiyepata nafuu baada ya wiki 4, au ambaye fangasi wameenea mwilini, aende kituo cha afya. Huenda akahitaji vidonge, na hivyo si vya kutolewa kaunta.

Nawaomba, mteja ajaye akitaja kwa jina tyubu ya mchanganyiko, msimpe kwa sababu tu ameizoea. Mpeni klotrimazoli, na mumweleze kwa nini.