Siku Nzuri Ndiyo ya Kuogopwa: Kujitunza kwa Anayeishi na Fibromayalgia

Baadhi yenu mmekuja na mito ya kukalia kwa sababu mnavijua viti vya ukumbi huu. Atakayetaka kusimama katikati ya mhadhara asimame, ajinyooshe, azunguke. Sitakwazika.

Nina jambo moja la kusema jioni hii. Kwa mgonjwa wa fibromayalgia, siku mbaya hujilinda yenyewe: mtu analala, kazi inangoja. Siku nzuri ndiyo inayomponza. Anaamka Jumamosi mwili mwepesi, anaona rundo la nguo la wiki nzima. Anafua mashuka, anapiga deki, anateka maji, jioni anakuna nazi. Jumapili hanyanyuki, na Jumatano bado anajikokota. Jirani anauliza: huyu si juzi tu tulimwona anafua? Maneno yanamfikia. Siku nzuri ikija tena, anajitutumua maradufu ili aonekane si mvivu.

Ugonjwa wenyewe ni maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu usioisha hata ukilala, usingizi usioburudisha na akili kuwa nzito. Duniani hukadiriwa kuwapata watu 2 hadi 4 katika kila 100, wengi wao wanawake. Vipimo vya damu na picha za eksirei havionyeshi kitu, ndiyo maana wagonjwa wetu huzungushwa sana: leo malaria, kesho taifodi, mwezi ujao baridi yabisi, mwishowe wanaambiwa hawana kitu. Vigezo vya mwaka 1990 vilimtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili na kukuta 11 zinauma. Tangu 2010 anaweza kutambua ugonjwa kwa kumsikiliza mgonjwa vizuri. Mimi nayaona hayo ni maendeleo makubwa, ingawa kusikiliza hakuna mashine ya kuvutia wafadhili.

Mwaka 2002, Richard Gracely, Daniel Clauw na wenzao walichapisha utafiti nchini Marekani. Walibonyeza ukucha wa kidole gumba cha wagonjwa na cha watu wazima wa afya huku wakipiga picha za ubongo. Mbonyezo ambao mwenye afya aliuona mdogo tu uliwaumiza wagonjwa, na ubongo wao ukaonyesha hivyo. Basi hawaigizi. Mfumo wao wa fahamu ni redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho: hata mnong'ono unatoka kama kelele.

Kujitunza basi ni kuishusha sauti hiyo pole pole, na njia yake ni kipimo. Pima kazi kwa saa, usipime kwa maumivu. Ukingoja uumie ndipo uache, umeshachelewa, kwa kuwa bili ya leo hulipwa keshokutwa. Kama siku ya kawaida unamudu kufua robo saa, basi hata siku unayojisikia kupaa, fua robo saa, kaa, kisha fanya kazi nyingine ya kukaa. Nguo nyingine zifuliwe kesho. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado uzito wa ndoo yenyewe. Chukua dumu la lita 5 na uende mara nyingi. Nazi ikunwe sokoni kwenye mashine. Wapo watakaosema tui la mashine halina ladha. Waje wakune wao.

Mtu atauliza: kama kazi inaumiza, mbona mnatuhimiza mazoezi? Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa EULAR, jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya baridi yabisi, lilipitia tiba zote zilizochunguzwa, na mazoezi peke yake ndiyo yaliyopendekezwa kwa uzito wote. Kinachoumiza ni kuruka kutoka sifuri hadi mia. Anza na kutembea dakika 5 kila siku, ongeza dakika chache wiki inayofuata. Maumivu yanaweza kupanda kidogo mwanzoni. Punguza mwendo, usiache. Mkazi wa pwani ana bahati ya ziada: kutembea katika maji ya bahari yenye uvuguvugu, yanayofika kiunoni, kunaupa mwili mazoezi bila kuulemea uzito wake.

Usingizi nao ni tiba. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, huko Toronto, waliwakatiza vijana wenye afya usingizi mzito usiku baada ya usiku. Wakaanza kuumwa misuli. Kwa hiyo amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, na chai ya rangi iishie alasiri. Ukikaa mtaa unaokesha kwa ngoma ya kigodoro kila wikiendi, nakuonea huruma.

Diklofenaki ya dukani usiifanye chakula. Katika ugonjwa huu haisaidii sana, na ikitumika muda mrefu huchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mwulize daktari kuhusu amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku: ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na huwasaidia baadhi ya wagonjwa kulala na kupunguza maumivu.

Sasa nyumbani. Siku mbaya, mama mkwe huleta uji na wifi huosha vyombo, msaada haukosekani. Unaohitajika zaidi ni ule wa siku nzuri: mume kumpokea mkewe beseni angali anacheka, shoga kumwambia kwenye shughuli, "Wewe kaa mapokezi, sufuria tuachie sisi." Ni vigumu, kwa sababu anayesaidiwa anaonekana mzima.

Na isichukuliwe kuwa kila maumivu mapya ni fibromayalgia. Kiungo kuvimba na kuwa cha moto, homa isiyoeleweka, kukonda bila sababu, mguu au mkono kulegea ghafla, au kushindwa kuzuia haja: hayo si ya ugonjwa huu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.