Hadithi za Bibi na Watoto wa Leo
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kusoma. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kazi yangu ni majalada, si hadithi. Lakini nina deni hapa shuleni, na leo nimekuja kulilipa.

Mwaka 1994, nikiwa Kidato cha Pili, umeme ulikatika usiku. Mwalimu wa zamu akatukusanya bwaloni, akataka tusimulie hadithi. Mimi nilikuwa na ya bibi yangu, ya kima na papa. Nikaona haya. Nikasimulia ya Perseus wa Wagiriki, niliyoisoma maktaba, nikapigiwa makofi. Likizo nilipomweleza bibi, aliniuliza neno moja tu: "Kwani yangu ilikuwa na kosa gani, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu.

Baadaye sana nilisoma habari za Anant Pai wa India. Mwaka 1967 aliona katika televisheni, huko Delhi, watoto wakishindana kujibu maswali. Miungu ya Wagiriki waliijua. Walipoulizwa jina la mama yake Rama, shujaa wa Ramayana, walinyamaza. Jina lake ni Kausalya. Pai hakuwagombeza watoto. Alianzisha vitabu vya picha viitwavyo Amar Chitra Katha, akawapa Krishna, Rama na Hanuman kwa namna ambayo mtoto hakubali kuiweka chini.

Wengine wameendelea kutoka hapo. Mwaka 2018 Roshani Chokshi, wa Marekani, alitoa kitabu Aru Shah and the End of Time. Aru ana miaka 12 na anaishi na mama yake katika jumba la makumbusho, Atlanta. Shuleni huwadanganya wenzake ili aonekane tajiri. Siku moja wenzake wanakuja kumuumbua. Ili kujiokoa anawasha taa yenye laana, na jini mwovu anatoka. Wenzake na mama yake wanaganda kama sanamu. Aru anagundua kwamba ndani yake imezaliwa upya roho ya mmoja wa Pandava, wale ndugu watano mashujaa wa Mahabharata. Inambidi asafiri hadi milki ya mauti kurekebisha kosa lake.

Ndugu zangu, kwa majirani zetu Wahindu hadithi hizo ni sehemu ya dini. Mwandishi hakuzitupa wala hakuzifungia kabatini. Alimtia ndani yake mtoto wa leo, mwenye uongo wake na woga wake. Ndiyo maana watoto wanazisoma.

Sasa nilipe deni. Kima alifanya urafiki na papa, akapanda mgongoni kwenda kwao kutembea. Katikati ya bahari papa akasema: Sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu: Pole, ungeniambia mapema. Sisi moyo hatutembei nao, huuacha mtini. Turudi nikauchukue. Papa akarudi, kima akaruka mtini, na urafiki ukaishia hapo.

Hadithi hiyo imo katika Panchatantra, kitabu cha kale cha India, ila huko adui ni mamba. Edward Steere aliisikia Unguja akaichapisha mwaka 1870, na tayari mamba amekuwa papa. Kumbe hadithi niliyoionea haya ilikuwa imevuka bahari kabla ya bibi yangu kuzaliwa!

Bibi alifariki nikiwa Kidato cha Nne. Alikuwa na hadithi nyingi. Mimi nimebaki na hiyo moja.

Vijana, nimeacha madaftari kumi matupu kwa mkutubi. Likizo hii waulizeni wazee wenu, kisha mziandike. Mtieni ndani mwanafunzi mwenye sare, aliyechelewa kengele, anayeogopa hesabu. Mkutano ujao, Mungu akinijalia, nitakuja kuyasoma.

Mimi nilikuja shule hii nikauacha moyo wangu mtini, nyumbani. Ninyi njooni nao.