Maji ni Haki, Kisima ni Dhamana



Tangu miaka ya 1970, Finland ilisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi, zikiwamo Nachingwea na Ruangwa, kupata maji safi. Tulishukuru, lakini pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa vipuri na mwangalizi.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Papa Fransisko alikazia hayo katika Laudato Si', 2015.

Basi, wafadhili wakituchimbia kisima, tuulize: nani atatunza fedha za matengenezo, na atasoma hesabu mbele ya nani? Akina mama wachotao maji wawemo kamatini, wenye kauli. Fedha ya kisima ikiliwa, maskini hurudi dimbwini. Kunyamaza kwetu ni kushiriki dhuluma hiyo.