Sinema Nilizozipenda na Sinema Nilizozichukia

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo waliohitimu, katika Juma la Elimu ya Watu Wazima. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Nilipoombwa kuzungumza leo, nilitayarisha maneno juu ya mbolea ya samadi. Karatasi zake ninazo hapa mfukoni. Lakini jana jioni nilipita karibu na banda la video, nikasikia ubishi. Mzee mmoja alikuwa amekasirika kweli kweli. Alisema, "Huyu jambazi juzi alipigwa risasi akafa, tukamwona anazikwa. Leo yuko hai, tena kaota ndevu! Basi tumeibiwa fedha zetu." Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Niliona kwamba mzee yule ameuliza swali kubwa kuliko wote waliokuwa bandani. Ameuliza: je, hiki ninachoonyeshwa ni kweli?

Ndugu zangu, mlipoanza kisomo tuliwaambia kwamba kusoma si kutamka herufi tu. Kusoma ni kuelewa, na kuelewa ni kuuliza. Sinema nayo husomwa. Basi leo mbolea itangoja kidogo. Nitawaeleza sinema nilizozipenda na sinema nilizozichukia, na sababu zake. Mimi si mtaalamu wa sinema. Ni mtazamaji tu kama ninyi.

BANDA LA VIDEO

Nilianza kutazama sinema nikiwa mtoto, katika banda la mabati lenye mabenchi ya mbao. Tulitazama sinema za ngumi za Wachina na sinema za Kihindi. Hatukujua Kichina wala Kihindi. Lakini walikuwapo watafsiri. Mtu alikaa na kipaza sauti, akatueleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa nchi nzima kwa kazi hiyo.

Mtafsiri hodari haishii katika kutafsiri tu. Hutia chumvi. Mchina akipigwa, utasikia, "Amelia kama mbuzi wa Idi!" Tulimpenda mtafsiri kuliko hata mwenye sinema. Hapo nilijifunza jambo moja: anayekusomea anaweza kukuongezea, na anaweza kukupunguzia. Kama wewe mwenyewe hujui lugha, huna la kufanya. Utacheka pale anapotaka ucheke.

Nitalirudia jambo hilo. Msilisahau.

SINEMA ILIYONICHEKESHA, KISHA IKANITIA AIBU

Iko sinema moja ya Afrika Kusini iitwayo The Gods Must Be Crazy. Ilitengenezwa na Mzungu wa huko, Jamie Uys, mwaka 1980. Pengine baadhi yenu mmeiona. Chupa ya soda inatupwa kutoka kwenye ndege, inaanguka jangwani Kalahari. Watu wa kabila la Wasan, ambao wengine huwaita Bushmen, wanaiokota. Wanafikiri imetoka kwa miungu. Kila mtu anaitaka, ugomvi unaanza. Basi mwenzao mmoja anasafiri kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Aliyecheza sehemu hiyo ni mtu wa Namibia aitwaye N!xau.

Nilipokuwa mtoto niliicheka sinema hiyo mpaka machozi. Baadaye nilipokuwa chuo cha ualimu, tuliiona tena. Mkufunzi wetu aliizima katikati akauliza, "Ninyi mnamcheka nani?" Darasa zima kimya.

Akatueleza. Sinema ilitengenezwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Inasema Wasan hao hawajapata kukutana na mambo ya watu wa nje, wanaishi kwa raha tu kama watoto. Je, ilikuwa kweli? Sivyo. Wakati ule Namibia ilitawaliwa na makaburu wa Afrika Kusini. Wasan wengi walikuwa wamepoteza ardhi yao ya kuwindia. Wengine walikuwa wamekusanywa mahali pamoja wakingoja posho, na baadhi ya wanaume waliandikishwa katika jeshi la makaburu. Mambo hayo yote sinema haikuyaonyesha. Ilituonyesha chupa.

Sasa mtaniuliza, "Mwalimu, kwani haichekeshi?" Inachekesha! Siwezi kuwadanganya. Ndiyo maana naichukia. Sinema mbaya isiyochekesha haina madhara, watu watalala usingizi. Inayochekesha ndiyo inayoingiza uongo ndani kama dawa ya minyoo iliyotiwa sukari.

SINEMA YA MJANE

Sasa niwaeleze sinema ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Neria. Ilitengenezwa Zimbabwe mwaka 1993. Mwongozaji wake ni Godwin Mawuru, na hadithi yake ilitungwa na mwandishi Tsitsi Dangarembga. Yule mwimbaji mashuhuri, Oliver Mtukudzi, amecheza humo kama kaka yake Neria, tena ndiye aliyetunga muziki wake.

Hadithi yake ni hii. Neria na mumewe wanafanya kazi pamoja na kujenga nyumba. Mume anakufa kwa ajali. Msiba haujapoa, shemeji mtu anaingia. Anasema mila inampa haki. Anachukua gari, samani na kitabu cha benki. Anachukua nyumba. Mwisho anachukua hata watoto. Neria ananyamaza, ananyamaza, mpaka basi. Rafiki yake anamshauri aende kwenye sheria. Anakwenda, na haki yake inapatikana.

Siku tulipoionyeshwa chuoni, nilitoka nje kabla haijaisha. Niliwaambia wenzangu kichwa kinaniuma. Haikuwa kichwa.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 12. Ndugu mmoja wa baba alikuja na karatasi. Alimwambia mama, "Shemeji, hii ni karatasi ya kutunza ng'ombe na shamba kwa ajili ya watoto. Weka dole gumba hapa." Mama hakujua kusoma. Aliweka dole. Karatasi ile haikuwa ya kutunza. Ilikuwa ya kukabidhi. Ng'ombe waliondoka wote, na shamba la bondeni likaondoka. Mama alitusomesha kwa kuuza mapanki. Nitayafikia mapanki.

Mnakumbuka mtafsiri wa bandani? Mama naye alikuwa na mtafsiri wake siku ile.

Kwa hiyo nilipomwona shemeji yake Neria pale ukutani, niliona uso ninaoujua. Sinema ile inatoka nchi nyingine, watu wake wanasema lugha nyingine, lakini ilisema kweli. Tena ilisema kweli kwa haki. Haikusema mila zote ni mbaya. Ilionyesha kuwa kuna watu wanaoigeuza mila kuwa kapu la kubebea mali ya marehemu.

Mwaka jana niliisimulia hadithi hiyo katika darasa la kijiji kingine. Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki. Akaniuliza, "Mwalimu, barua ya kwenda mahakamani huanzaje?" Nilimweleza kwamba mambo ya mirathi huweza kupelekwa mahakama ya mwanzo. Nilimweleza pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuwa nayo na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Barua aliiandika mwenyewe. Ilimchukua siku 3. Ilikuwa barua ya kwanza katika maisha yake. Kesi haijakwisha, na mimi siwezi kuwaahidi mwisho wake. Lakini dole gumba hakuweka. Aliandika jina lake.

SINEMA YA SAMAKI WETU

Sasa nafika kwenye sinema ambayo siijui kama naipenda au naichukia. Nayo inatuhusu sisi watu wa ziwa. Ilitengenezwa mwaka 2004 na Hubert Sauper wa Austria. Jina lake ni Darwin's Nightmare. Ilipigwa hapa hapa Mwanza.

Inahusu sangara. Ninyi wavuvi mnajua kuwa sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Akala samaki wengine, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sinema inaonyesha viwanda vya minofu, na ndege kubwa zinazopeleka minofu hiyo Ulaya. Kisha inadokeza kwamba ndege hizo huleta silaha za kwenda kwenye vita vya Afrika.

Watu wengi walikasirika. Mwaka 2006 Rais wa wakati ule, Ndugu Jakaya Kikwete, aliikemea katika hotuba yake, na watu waliandamana Mwanza kuipinga.

Ninaichukia kwa sababu gani? Kwanza, mji mzima umeonyeshwa kama jalala. Watoto wa mitaani, makahaba, walevi, basi. Hakuna mtu anayekwenda shule, hakuna harusi, hakuna anayecheka. Pili, habari ya silaha ni nzito, na jambo zito linataka ushahidi mzito. Nilikodoa macho mpaka mwisho, sikuona silaha ikishushwa Mwanza.

Lakini naomba tuwe wakweli. Iko sehemu inayoonyesha mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, yakianikwa huku yamejaa funza. Wengine walisema ni uongo, mapanki hayaliwi na watu. Ndugu zangu, mimi nimekula mapanki. Nimekulia mapanki. Minofu ilikwenda Ulaya, mifupa ikabaki kwetu. Hilo si uongo wa Mzungu. Wakubwa walikasirishwa na picha. Mimi ningependa wangekasirishwa na mifupa.

Hata hivyo, mwenye sinema naye hakuona vyote. Aliona funza tu. Hakumwona mama yangu akiamka saa 10 usiku kukaanga, akihesabu sarafu za ada, akimpatia jirani mgonjwa bila malipo. Mapanki yale yale katika sinema ni aibu, nyumbani kwetu yalikuwa ada ya shule. Sinema inaweza kusema kweli ya jicho moja, ikaacha kweli ya jicho la pili.

SINEMA ZA KWETU

Mtasema, "Mwalimu, umetaja za nje tu." Haya, za kwetu.

Tunazipenda kwa sababu zinasema Kiswahili chetu. Steven Kanumba alipofariki mwaka 2012, nchi nzima ilisikitika, hata vijijini watu walilia. Lakini nina lawama moja. Katika nyingi nilizoziona, kila mtu anakaa katika nyumba ya kifahari na kugombania mchumba. Sijaona jembe! Wakulima ni wengi katika nchi hii, lakini mkulima akitokea katika sinema, ama ni mchawi, ama ni mshamba wa kuchekwa. Hapo tofauti yake na ile chupa ya Kalahari ni ipi?

Iliyonifurahisha ni Vuta N'kuvute, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Inahusu Zanzibar wakati wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anatoroka. Anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Sinema hiyo ilipata tuzo kubwa ya tamasha la Carthage, nchini Tunisia. Ninaipenda zaidi kwa sababu kitabu chake kipo. Ukiisha kusoma kitabu unaweza kuitazama sinema na kusema, "Hapa wamepunguza, hapa wameongeza." Hapo huhitaji mtafsiri.

TUULIZE NINI?

Kuonyeshwa sinema vijijini si jambo la leo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza sinema 35 kule Vugiri, Usambara, wakazizungusha kwa lori. Zilihusu kilimo, afya, kulipa kodi na kuweka fedha posta. Mengine yalikuwa mafunzo mazuri. Lakini mwanakijiji alikuwa mtu wa kuonyeshwa tu. Aliyechagua la kuonyeshwa alikuwa mtawala.

Leo sinema ziko hata ndani ya simu. Basi ukitazama, jiulize mambo 4:

1. Nani ameitengeneza, na kwa faida ya nani?
2. Nani anasema humo, na nani amenyamazishwa?
3. Ninacheka nini? Ninamcheka nani?
4. Mtu kama mimi yumo? Kama yumo, ameonyeshwa kwa kweli?

Yule mzee wa jana yupo hapa, namwona. Mzee wangu, jambazi yule hakufa. Alikuwa anaigiza, na mliyoiona jana ilikuwa sinema nyingine ya mwigizaji yule yule. Fedha zako hazikuibiwa. Lakini endelea kuuliza hivyo hivyo. Siku mtu atakapokuletea karatasi na wino wa dole gumba, muulize kwa sauti ile ile ya jana.

Na ninyi wengine, andikeni. Kila mmoja aeleze sinema moja aliyoipenda au aliyoichukia, na sababu yake. Mistari 10 inatosha. Leteni darasani Jumatano.

Na samadi tutaizungumza siku hiyo hiyo.