Kiharusi na Saa ya Kwanza

Askari wa doria anapomkuta mtu ameanguka kando ya barabara ya Maliba, wilayani Kasese, mdomo umepinda na maneno hayaeleweki, ni rahisi kudhani kwamba huyo ni mlevi. Dhana hiyo yaweza kumwua mtu. Huenda hakugusa pombe kabisa. Huenda amepatwa na kiharusi.

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu. Ama donge la damu limeziba mshipa, ama mshipa umepasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Mwaka 2006 ilikadiriwa kwamba mshipa mkubwa unapozibwa, chembe za ubongo zipatazo 1,900,000 hufa kila dakika. Ndiyo maana swali la tiba ni swali la muda.

Milima ya Rwenzori ina utajiri wa mitishamba, na waganga wa Kikonzo wana elimu waliyoirithi kwa wazee wao. Elimu ya namna hiyo haistahili kudharauliwa. Artemisinini, dawa inayotibu malaria duniani kote, ilipatikana China katika miaka ya 1970 kutokana na mmea uliojulikana kwa waganga wa kale. Hata gugu liitwalo Centella asiatica, ambalo huota penye unyevu hapa Uganda, limechunguzwa katika maabara, na viini vyake vilionekana kupunguza madhara katika ubongo wa panya.

Lakini panya si binadamu. Huko huko China dawa ya mitishamba ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,648 waliovuja damu kichwani. Baadhi yao walipewa dawa yenyewe, wengine kitu kilichofanana nayo kisicho na nguvu yoyote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: baada ya siku 90, waliokunywa dawa hawakuwa na nafuu zaidi ya wenzao. Hapana budi kusema wazi kwamba dawa ya mitishamba ya kuulinda ubongo katika saa za kwanza za kiharusi bado haijathibitishwa.

Tena kuna hatari. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kumeza sawasawa. Dawa anayonyweshwa, hata kama ni maji matupu, yaweza kuingia mapafuni. Baadhi ya mimea huzuia damu kuganda, na kwa aliyepasuka mshipa hilo ni balaa. Wala hakuna awezaye kutambua kwa macho kama ni donge au ni mpasuko. Hiyo ni kazi ya picha ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha donge, mahali ilipo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Na pale isipokuwapo, hospitali bado hupima shinikizo la damu na sukari, na huhakikisha mgonjwa anapumua vema.

Kwa hiyo askari azishike dalili tatu: uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja umelegea, maneno yamevurugika. Akiiona hata moja, na imekuja ghafla, asimpe mgonjwa kitu chochote mdomoni. Kama amezimia, amlaze ubavu. Aulize mgonjwa alionekana mzima saa ngapi, aiandike saa hiyo, kisha atafute gari la kumfikisha upesi hospitali iliyo karibu, iwe ni Kilembe, Kagando au Bwera.

Mganga wa jadi naye ana wajibu wake. Sheria iliyotungwa Uganda mwaka 2019 inamtambua na kumtaka aandikishwe. Mganga mwaminifu, akiletewa mtu aliyepooza ghafla, ataweka chungu kando na kuwahimiza jamaa waende hospitali. Baadaye, mgonjwa akitulia, daktari aelezwe bila kificho kila dawa inayotumika nyumbani.

Mwisho, askari asijisahau mwenyewe. Shinikizo kubwa la damu ndilo chanzo kikuu cha kiharusi, na mara nyingi halina dalili. Chumvi ya Katwe ni sifa ya Kasese tangu zama za kale, lakini ikizidi katika chakula hupandisha shinikizo hilo. Kupimwa huchukua dakika chache tu. Askari anayekagua bunduki yake kila siku hana sababu ya kuacha kuukagua mwili unaoibeba.