Wazee Wasome Ili Iweje?

Sisi tumetoka Woodley, Nairobi. Tumeombwa tuwaeleze habari za darasa la wazee tunaloliendesha huko, ili nanyi mwone kama linafaa kuanzishwa vijijini kwenu. Hatutasema sana, maana tunajua kuna walioacha ng'ombe hawajakamuliwa.

Kwa wasioifahamu Woodley: ukitoka mjini unafuata Barabara ya Ngong mpaka Adams Arcade, halafu unashuka Barabara ya Joseph Kang'ethe kuelekea Kibera. Nyumba zake za zamani zilijengwa na baraza la mji siku za ukoloni, wakakaa Wazungu. Baada ya Uhuru wakaingia maofisa wetu. Leo watu wamechanganyika. Hapa utamkuta karani mstaafu, pale mama aliyeuza mitumba soko la Toi mpaka miguu ikakataa, na ukishuka kidogo tu uko Kibera. Siku hizi nyumba nyingine za zamani zimebomolewa kupisha maghorofa, na majirani waliozeeka pamoja wametawanyika. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mzee anayeshinda peke yake kutwa nzima, msidhani ni habari ya kijijini peke yake.

Sasa, kila tunapokwenda tunaulizwa swali moja: mzee wa miaka sabini asome ili iweje? Nani atamwandika kazi? Si afadhali pesa hizo zilipe karo ya watoto? Swali hili ni la haki, na tumekuja kulijibu.

Si jambo geni kwetu

Mwalimu Nyerere alilijibu zamani. Mwaka 1964, alipotoa mpango wa kwanza wa miaka mitano wa Tanganyika, alisema ni lazima waanze na watu wazima, kwa sababu faida ya kuwasomesha watoto itachelewa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Hawakuwa wanafunzi wa chuo kikuu hao. Walikuwa watu wa jembe kama nyinyi.

Hapa Kenya Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka 1966. Mwaka 1979 ikaundwa idara nzima, na kampeni ya kufuta ujinga wa kutosoma ikaanza. Mlio na umri mnayakumbuka madarasa ya ngumbaru chini ya miti na ndani ya makanisa. Kanisa nalo halikukaa kando. Mwaka 1974 Anne Hope na Sally Timmel walianzisha hapa Kenya mafunzo yaliyoitwa DELTA, wakifuata mafundisho ya Paulo Freire wa Brazili. Siri yake ni fupi: usimwanzishe mtu mzima na a, e, i, o, u. Mwanzishe na jambo linalomuuma, na herufi zitafuata.

Lakini moto ule ulipoa. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2006 ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima, yaani kama milioni 7.8, hawakuweza kusoma na kuandika kwa kiwango cha kutosha. Wengi wa watu hao bado wako nasi. Ndio wanaoketi viti vya nyuma tunapopitisha karatasi ya mahudhurio.

Mzee Kimani Maruge mnamkumbuka. Baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, yeye alijiandikisha darasa la kwanza mwezi wa Januari 2004, katika shule ya Kapkenduiyo, Eldoret. Alikuwa na miaka 84. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alipelekwa New York kuwaambia wakubwa wa dunia juu ya elimu ya bure. Fujo za baada ya uchaguzi zilimhamisha mwaka 2008, akaishia Nairobi katika nyumba ya kutunza wazee, na huko pia akaendelea na masomo. Alifariki mwaka 2009. Watu walimcheka mwanzoni. Lakini hebu mjiulize: kutaka kujua kama kinachosomwa mimbarani kweli kimeandikwa, hilo ni jambo la kuchekesha?

Kidole gumba na namba ya siri

Haya, tuje kwa kile hasa kilichotuleta. Siku hizi mzee asiyesoma yumo hatarini kuliko alivyokuwa baba yake. Zamani pesa ziliwekwa chini ya godoro, na mpaka wa shamba ulikuwa mti uliojulikana na kijiji kizima. Leo pesa zimo ndani ya simu na shamba limo ndani ya karatasi.

Chukueni mfano wa Inua Jamii. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Sasa ujumbe unaingia kwenye simu. Mzee haoni, hasomi. Anampa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Kijana anasema, "Shosho, bado hazijaingia." Mwezi wa pili anasema hivyo hivyo. Kwetu tulikuwa na mama mmoja aliyeamini kwa muda mrefu kwamba serikali imemsahau. Siku alipojifunza kutambua tarakimu na kusoma salio lake, aligundua kuwa pesa zilikuwa zikija na kuondoka. Hakumshitaki mtu. Alibadilisha namba ya siri, basi, na tangu siku hiyo ananunua dawa zake mwenyewe.

Shamba nalo ni vivyo hivyo. Mnajua jinsi mzee anavyoletewa karatasi aweke kidole gumba, akiambiwa ni ya kuomba mbolea, kumbe ni mapatano ya kuuza. Ni vizuri kila mzee ajue kuwa shamba la kilimo linaloangukia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na kwamba ana haki ya kusomewa karatasi na mtu anayemwamini kabla ya kutia kidole. Somo la namna hiyo halihitaji hata ubao. Linahitaji saa moja na mtu mwenye kusema kweli.

Tena si hisani tunayowafanyia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Mtaona kuwa kujiendeleza kumetajwa. Ukishafika miaka 60 sheria haikwambii ukae ukingoje mazishi yako.

Chai ni sehemu ya somo

Mtu akija kwetu siku ya darasa anaweza kusema hawa hawasomi, wanakunywa chai tu. Akae kidogo. Saa ya kwanza ni kusoma na hesabu. Halafu chai. Baada ya chai kuna wanaocheza bao, kuna wanaosuka vikapu, kuna wanaoimba, na mara moja kwa mwezi anakuja muuguzi kuzungumza juu ya shinikizo la damu au sukari. Ambaye hakuonekana wiki mbili, wenzake wanakwenda kubisha mlango wake. Hivyo tu.

Hiyo chai msiidharau. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona. Makanisa yalipofunguliwa mwezi wa Julai, waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani, pamoja na watoto wa chini ya miaka 13. Nia ilikuwa kuwalinda. Hata hivyo tuliona wazee waliodhoofika bila kuugua korona, kwa kukosa tu mtu wa kuwaita jina. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka duniani. Na mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la madaktari la The Lancet walisema karibu nusu ya visa vya ugonjwa wa kusahau vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwa hayo 14 kuna elimu ndogo ya utotoni, macho yasiyotibiwa, masikio yasiyosikia, na kukaa peke yako. Elimu ya utotoni imeshapita, hatuwezi kuirudisha. Hayo matatu mengine kikundi cha kijiji kinaweza kuyagusa.

Namna ya kuanza

Mtasema, sawa, lakini sisi hatuna pesa. Haya ndiyo tuliyoyaona yakifanya kazi.

Kwanza, anzeni na macho. Wengi wanaosema hawawezi kusoma, hawaoni maandishi ya karibu. Mpangeni siku ya kupimwa macho katika kituo cha afya, na kikundi kisaidie miwani ya kusomea. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipopewa miwani, kazi yao iliongezeka kwa kama asilimia 22, na matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018. Kama miwani inasaidia kuchuma chai, itashindwaje na Biblia?

Pili, wawekeni wazee wachague somo. Waulizeni: ni karatasi gani iliyowahi kukutia aibu? Mmoja atasema ujumbe wa simu, mwingine kadi ya kliniki, mwingine kitabu cha chama ambacho yeye huambiwa tu amebakiza kiasi gani. Hapo mmepata vitabu vyenu vya kiada bila kununua. Vitabu vya watoto wa chekechea msiwape. Mtu aliyezika na kulea hapendi kusoma habari za paka na panya.

Tatu, chagueni saa na mahali kwa miguu ya mzee. Alasiri ni nzuri, kazi za asubuhi zimekwisha na giza halijaingia. Mahali pawe karibu, pawe na viti vyenye kuegemea, na choo kisiwe mbali. Asiyesikia vizuri akae mbele. Andikeni herufi kubwa.

Nne, mwalimu. Nendeni ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo muulize kama kuna mwalimu. Akikosekana, mwalimu mstaafu anatosha, au kijana aliyemaliza kidato cha nne mwenye subira. Subira ni kubwa kuliko cheti. Kijana asiyeweza kumwambia mzee jambo moja mara tano bila kuguna, mpeni kazi nyingine.

Tano, kila mzee afundishe pia. Huyu anajua dawa za mifugo, yule historia ya mipaka, yule kushona. Kwetu vijana wanaandika hayo katika daftari. Mzee anapokuwa mwalimu dakika kumi, haoni haya kuwa mwanafunzi saa nzima. Penye wazee haliharibiki neno, lakini ni lazima waulizwe.

Sita, pesa. Chai na sukari zitoke katika mchango mdogo wa kila mmoja, hata shilingi chache, ili darasa liwe lao. Kama kikundi hakijaandikishwa, andikisheni chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, ndipo mweze kuomba msaada kwa njia iliyo wazi.

Kuna kizuizi kimoja ambacho pesa haziwezi kukiondoa, nacho ni kicheko. Neno ngumbaru watu hulitumia kwa dharau, na baba mwenye wajukuu haendi mahali pa kuchekwa. Hiyo ni kazi yenu viongozi. Mwenyekiti asiyejua kusoma na aketi darasani wa kwanza, mbele ya wote. Na pasta aseme mimbarani kuwa ni jambo jema.

La mwisho

Katika Injili ya Luka sura ya pili yuko Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, umri ule ule alioanzia shule Mzee Maruge. Alikuwa hatoki hekaluni. Kwa kuwa alikuwepo mahali watu walipokutana, alimwona Mtoto, akawa miongoni mwa wa kwanza kuwaeleza wengine habari zake. Angalikuwa amefungiwa nyumbani, tungeisikia sauti yake?

Tunawaomba jambo moja kabla ya mkutano wenu ujao. Kila kikundi kihesabu wazee wa kijiji chake wasioweza kusoma ujumbe kwenye simu zao, nyumba kwa nyumba, kwa majina. Mkishakuwa na majina hayo mkononi, chagueni alasiri moja na mchemshe chai. Waliotufundisha kusema wana haki ya kufundishwa kusoma.