Njia Kwanza, Ndipo Baiskeli

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, yaliyotolewa Igogwe, Wilaya ya Rungwe)



Nimetakiwa nizungumze juu ya hesabu za mali za kudumu, na naona baadhi yenu mmekwisha kufungua madaftari. Tutafika huko. Lakini kwanza naomba tuzungumze juu ya njia: hizi za udongo na changarawe zinazopanda na kushuka milima yetu, kati ya migomba na ukingo wa msitu. Vyama kadhaa vimeleta maombi ya kukopa fedha za kununua baiskeli za kupitisha maziwa, viazi na maparachichi katika njia hizo, na sina budi kusema nionavyo kabla maombi hayajafika mbele.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kimenunua baiskeli 12 kwa mkopo. Niliomba hati za malipo, nikazipata. Niliomba stakabadhi, nikazipata. Nikatoka na katibu hadi ghalani, nikahesabu baiskeli moja moja, nikalinganisha namba zake na daftari la mali. Zote 12 zilikuwapo, zimepangwa ukutani, zinang'aa. Nikaandika katika taarifa kwamba mali ipo na inatunzwa vizuri. Tulipokuwa tukitoka, mama mmoja mwanachama, mtu mzima, akanisimamisha. Akasema, "Bwana Mkaguzi, baiskeli umeziona. Njia je, umeiona?"

Nilimjibu kwa adabu, nikaenda zangu. Ni baadaye nilipopata kujua kwa nini baiskeli zile ziling'aa. Wiki ya pili tu baada ya kununuliwa, kijana mmoja aliyebeba madumu mawili ya maziwa aliteremka kuelekea kijito wakati wa mvua. Breki hazikushika. Kwenye kona aliiacha njia, akavunjika mguu, na maziwa yakaenda na maji. Tangu siku ile wazazi waliwakataza vijana wao, na baiskeli zikakaa ghalani huku riba ya mkopo ikiendelea kupanda. Taarifa yangu ilikuwa sahihi kwa kila tarakimu, wala haikumsaidia mtu yeyote.

Kwa hiyo leo nasema: msilete kwangu ombi la baiskeli pasipo kuleta na maelezo ya njia.

Tuitazame nchi yetu. Udongo wetu umetokana na volkano. Yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka, ukamwaga mawe mepesi yenye vitundu, yale ambayo watoto huyatupa mtoni wakafurahi kuyaona yanaelea. Mkulima huushukuru udongo huu. Mwenye gurudumu hana sababu ya kuushukuru. Mawe hayo mepesi husagika upesi chini ya tairi, na mvua kubwa huyachukua. Nimeona vijiji vikijitolea siku nzima kujaza mashimo kwa mawe hayo, na baada ya mvua chache mashimo yakarudi yalivyokuwa. Wengine huleta kokoto za mviringo kutoka mtoni. Hizo nazo hazishikani. Huviringika chini ya tairi kama harage kwenye sakafu, na baiskeli yenye mzigo huyumba. Changarawe inayofaa ni ile yenye pembe, ikiwa na udongo kiasi wa kuigandisha, nayo imwagwe kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa ingali na unyevu.

Hata hivyo, changarawe bora bila mtaro ni fedha iliyotupwa. Njia haiharibiwi na magurudumu kama inavyoharibiwa na maji. Mahali petu hunyesha miezi mingi ya mwaka. Maji yakipata mfuo mmoja wa tairi wenye kufuata mteremko, huufanya kuwa korongo kabla ya msimu kwisha. Njia yafaa iwe na mgongo katikati ili maji yaende pembeni, na mitaro ya pembeni iwe na matoleo ya mara kwa mara, hasa palipo na mteremko mkali. Hapo ndipo ugomvi huanzia, kwa sababu kila toleo la maji huelekea kwenye shamba la mtu. Naomba makatibu mlikumbuke hili: mwenye shamba aulizwe kabla, na makubaliano yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Aghalabu mwenye migomba hukubali, maadamu maji yanaingia taratibu wala hayachimbi. Tena, barabara za vijijini tangu mwaka 2017 zimo mikononi mwa TARURA. Chama hakina ruhusa ya kuchimba barabara kwa hiari yake. Kipitie serikali ya kijiji, na kijiji kiwasiliane na TARURA.

Sasa nije kwenye mwinuko, ambao ndio uliomvunja yule kijana. Fundi mwashi yeyote anaweza kuupima. Chukueni kamba ya meta 10, mtu mmoja aishike juu ya njia usawa wa ardhi, wa pili asimame chini na kuinua ncha yake mpaka pima maji ioneshe kamba imelala sawa. Kimo kutoka ardhini hadi kamba kwa yule wa chini ndicho kipimo. Kikiwa meta moja, mwinuko ni 10 kwa 100. Hesabuni basi: mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na viazi kilo 65 ni jumla ya kilo 150. Katika mwinuko huo ni kama kushikilia kilo 15 zisikuponyoke, hatua kwa hatua, kilometa nzima. Kupanda, utachoka na kusukuma. Kuteremka, kilo 15 zile zile zinakusukuma wewe, na kinachozizuia ni vipande vidogo vya raba vinavyobana rimu. Rimu ikilowa, raba huteleza. Baiskeli zetu za kawaida hazina gia wala breki za namna nyingine.

Kwa uzoefu wangu, mahali penye 5 kwa 100 mtu mwenye mzigo hupanda akiwa ameketi. Kati ya 5 na 10 atashuka asukume. Zaidi ya 10, tafuteni njia ya kuzunguka hata kama ni ndefu mara mbili, au muwe na watu wawili kwa baiskeli moja, mmoja akivuta nyuma kwa kamba wakati wa kuteremka. Ndugu zetu wa Goma, ambako nchi pia ni ya volkano, hubeba mizigo mikubwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Breki yake ni kipande cha tairi kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Wamejifunza kuuheshimu mteremko kabla ya kuushuka.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi mambo haya ni ya bodaboda. Ni kweli, pikipiki imechukua sehemu kubwa ya mizigo yetu, nami hupanda. Lakini petroli hununuliwa kila siku, na mwanachama mwenye lita sita za maziwa hawezi kumlipa mwenye pikipiki asubuhi na jioni akabakiwa na kitu. Tena njia iliyo mbovu kwa baiskeli ni mbovu kwa pikipiki vilevile. Parachichi halijui limebebwa na chombo gani. Likigongwa kwenye mashimo huonesha weusi baadaye, mnunuzi akilipasua.

Limekuja pia jambo la wageni. Katika nchi nyingi umezuka mchezo wa kusafiri kwa baiskeli katika njia za changarawe, milimani na misituni. Kwa jirani zetu wa Kenya yalianzishwa mwaka 2021 mashindano yanayoitwa Migration Gravel Race, kilometa zipatazo 650 kwa siku nne. Baiskeli za mchezo huo zina tairi pana, gia nyepesi na breki za diski, lakini changarawe haimchagui mtu: Suleiman Kangangi wa Kenya, mwendeshaji wa kulipwa, alifariki dunia mwezi Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya namna hiyo huko Vermont, Marekani. Wageni wa aina hii wakifika kwetu, chama kinaweza kuwapatia kiongozi wa njia, chakula na mahali pa kulala, kwa bei iliyopitishwa na kikao na kwa stakabadhi. Sioni ubaya wake. Ila msiwaahidi njia za ndani ya msitu. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, na kuingia humo ni kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Humo anaishi kipunji, nyani ambaye wataalamu walimgundua mwaka 2003 baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa; hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba wamebaki 1,117 tu. Njia mpya msituni leo ni ya baiskeli, kesho itakuwa ya wapasua mbao.

Sasa madaftari. Pamoja na daftari la mali, nataka kila chama kinachoomba baiskeli kiwe na daftari la njia. Andikeni urefu: fungeni kitambaa kwenye spoku, pimeni mzunguko mmoja wa gurudumu kwa kamba, kisha hesabuni mizunguko. Andikeni kila mteremko na kipimo chake, kila kijito na daraja lake, kila kona isiyoonekana mbele. Njia ipitiwe mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua, na anayepita awe na mzigo. Gharama ya mitaro na ya raba za breki iwe ndani ya makisio yanayopelekwa Mkutano Mkuu, nao mkopo usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Atakayeendesha aulizwe maoni yake kikaoni, na jibu lake liandikwe. Yule mama angeulizwa mapema, tungejua.

Kesho saa moja asubuhi tutaanzia hapa tulipo na kuteremka hadi kijitoni, kisha tutapanda tena. Mleta pima maji ni fundi wa hapa, kamba ninayo. Mwenye baiskeli aje nayo, na keria iwe na mzigo. Mvua ikinyesha hatuahirishi.